Tupeane uzoefu: ulijenga nyumbani ukiwa mbali, kazi uliifuatiliaje?

Wa Ahero
Hamjambo wenzangu. Tunamjengea mama nyumba ya vyumba vitatu huku Ahero, nami kazi yangu iko Nakuru. Udongo wa Kano mnaujua: mweusi, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unapenya kwenye ufa. Nyumba nyingi huku zimepasuka kuta kwa sababu hiyo. Kwa hivyo tulitoa ule mweusi wote hadi tukafika udongo mgumu, tukajaza moramu na kuishindilia tabaka baada ya tabaka. Nilimwambia fundi jambo moja: chochote kitakachofunikwa nipigiwe picha kabla hakijafunikwa, na futi ya kupimia ionekane ndani ya mtaro. Ukuta nitaukuta nikija. Nondo zikishamwagiwa zege, nani atazichungulia tena? Nyinyi mlifanyaje?

Wa Kakamega
Pole na hongera, ndugu. Huku kwetu ni tofali za kuchoma. Kabla lori halijashusha, dada yangu huchukua mbili akazigonganisha. Zikilia kama chuma, zimeiva. Zikitoa sauti nzito, zirudi, kwa sababu mvua ya huku itazimung'unya. Zege tunamwaga asubuhi na mapema, maana mvua ya alasiri haina subira. Na usisahau radi! Weka waya wa shaba kutoka juu ya paa hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Jirani zetu walipoteza ng'ombe.

Mama wa Nakuru
Mimi nilikuwa Mombasa. Fundi wa kwanza alikuwa akipunguza simiti na kuongeza mchanga, plasta ikawa inamomonyoka ukiikwaruza kwa kucha. Tukaachana naye. Wa pili nilimwekea sharti: mifuko mitupu isitupwe, shemeji aihesabu kila jioni na kulinganisha na daftari la stoo. Slabu nayo ilimwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, shemeji akinitumia video. Kitu kingine: maji ya visima upande wetu wa Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi, meno ya watoto yanapata madoa ya kahawia. Panga mifereji ya paa na tangi la maji ya mvua tangu kwenye ramani, usingoje kuhamia.

Wa Siaya
Sisi kazi haikuanza na msingi. Ilikuwa boma jipya, kwa hivyo kwa desturi yetu Waluo ya kuanzisha boma, baba alitoka alfajiri na jogoo, kaka mkubwa akabeba shoka, mama akabeba moto, na baba mdogo akawaongoza. Nilikuwa ng'ambo, nikafuata yote kwa simu, na nililia. Ujenzi wenyewe ulikuja baadaye, na mafundi walitusumbua, lakini siku ile nisingeikosa kwa vyovyote. Kama wazee wapo, waulizeni kwanza kabla ya kununua hata jiwe moja.

Wa Ahero
Asanteni sana. Mama wa Nakuru, hilo la mifuko mitupu naanza nalo kesho. Kuhusu wazee tulishakaa nao, boma ni la babu. Wa Kakamega, waya huo wa shaba mliununua kwa mita au kwa kilo? Tunaezeka mabati ya geji 28 mvua za Machi hadi Mei zikipungua, nataka fundi wa umeme aje kabla hawajashusha jukwaa.