Mrejesho: maikrofoni ya juu ya kamera, nimechukua VideoMic Pro

Ndugu zangu, niliwauliza nichukue ipi kati ya Rode VideoMicro na VideoMic Pro kwa kazi ya harusi na mahojiano ya wafanyabiashara hapa Kampala. Nimechukua Pro. Asanteni sana.

Aliyeniambia nitazame kwanza swichi ya +20 dB, ile inayoongeza nguvu ya sauti kwenye maikrofoni yenyewe kabla haijafika kwenye kamera, amenifaa mno. VideoMicro ni ndogo, haina betri, inatumia umeme wa kamera. Ila kamera yangu ukiipandisha sauti inaanza kutoa "shhh". Kwa Pro naweka +20, halafu nashusha sauti ya kamera hadi karibu na chini kabisa, na ule mvumo unapungua sana. Kwangu hilo peke yake limelipa bei.

Nimeijaribu soko la Owino kwa mama anayeuza mitumba. Nikiwa hatua moja mbele yake, sauti ilikuja imejaa, hata alipokuwa akikung'uta shati. Niliporudi nyuma nipate kibanda kizima, spika za jirani zikammeza. Kwa hiyo msidhani maikrofoni hizi zinavuta sauti ya mbali: zinapunguza za pembeni tu, ukaribu ndio unaoamua. Swichi ya kukata sauti nzito za chini ya 80 Hz inapunguza ngurumo ya jenereta, lakini honi za boda zinapita vilevile.

Entebbe, ufukweni mwa ziwa, sponji ya kufunika maikrofoni haifui dafu kwa upepo. Nunueni kifuniko cha manyoya mapema. Na kwa kuwa Pro inatumia betri ya 9V, ya akiba iwe mfukoni.

Hotuba za harusi nitatumia maikrofoni ya kubana kwenye nguo.