Tupeane uzoefu: Daktari wetu wa macho anastaafu, alikutibu nini?

Wakuu, salaam.

Yule bingwa wa macho aliyetuhudumia miaka mingi huku Kilimanjaro anastaafu mwisho wa mwezi. Jina silitaji, mwenyewe hapendi makuu, na waliopita mikononi mwake wanamjua. Tunamwandalia daftari la kumuaga, ila sitaki lijae "Mungu akubariki daktari" kurasa zote. Leteni visa.

Naanza mimi. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, ananitambua kwa sauti tu. Upasuaji alikuwa anaukataa kwa sababu kijijini walimwambia jicho linang'olewa, linasafishwa mezani, ndipo linarudishwa. Daktari hakucheka. Alitoa lenzi bandia ya kuonyeshea, akamwekea kiganjani. "Mama, hii ndiyo inayoingia. Jicho lako halitoki." Mama akaipapasa weee, akauliza, "Kadogo hivi?" Akakubali palepale. Bandeji ilipotolewa kesho yake, neno lake la kwanza kwangu: "Ndiyo viatu gani hivyo vya kuja navyo kwa daktari?"

MDAU WA SAME
Mimi ni glakoma, presha ya macho. Nilitaka anipasue nirudishiwe jicho la kushoto. Akanijibu kavu: kilichopotea kwa glakoma hakirudi, tulinde kilichobaki. Nilinuna. Nikaenda kwingine, nikapewa matumaini pamoja na bili, nikarudi kwake. Matone naweka kila usiku, na jicho la kulia gazeti linasoma.

MAMA WAWILI
Mwanangu alizaliwa na weupe kwenye mboni. Bibi yake alishachuma majani ya kumtilia, nesi wa kliniki ndiye aliyetuwahisha. Daktari akatueleza kwamba mtoto mchanga hasubiriwi kama mzee: ubongo unajifunza kuona miaka ile ya mwanzo, mkichelewa hata upasuaji ukienda vizuri haoni sawasawa. Kazi yenyewe ikaja baadaye. Jicho zima linazibwa kwa plasta saa kadhaa ili lile bovu lifanye kazi, na mtoto analia, anabandua, miwani anatupa uvunguni. Daktari alikuwa anapiga simu mwenyewe: "Plasta ipo?" Hata salamu hakuna! Sasa mtoto yuko darasa la nne, anakaa dawati la mbele.

MTU WA HIMO
Tuseme na ukweli jamani, foleni yake ilikuwa balaa. Unafika alfajiri, unatoka alasiri.

MAMA WAWILI
@Mtu wa Himo kwani wewe ulipoingia alikuharakisha?

MTU WA HIMO
Hapana, hapo sina neno.

MSTAAFU MWENZAKE
Mbona mnamuaga kama anazikwa? Dkt. Venkataswamy wa Madurai, India, alistaafu serikalini mwaka 1976 akiwa na miaka 58, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Mwaka huohuo akaanzisha hospitali ya macho ya Aravind kwa vitanda 11, wenye uwezo wakilipa, wasio nacho wakitibiwa bure. Mwaka 1992 wakafungua Aurolab, wakawa wanatengeneza lenzi bandia wenyewe kwa bei ndogo. Huyu wetu mikono yake mizima. Mwombeni hata Jumamosi moja moja afundishe vijana.

MWENYE UZI
Mzee, hilo la Jumamosi nitamfikishia. Mdau wa Same, chako naomba nikiandike chote, na kununa kwako kukiwemo. Wa Himo, nawe foleni yako naiweka.