Sharknado, Mega Shark au nyuki wa 1976: nikodi ipi ya Jumamosi?

Mwanamaweni
Salaam aleikum wanajukwaa. Jumamosi hii nimeahidi kuonyesha filamu ya wanyama wanaovamia mji, zile za kutisha za televisheni zinazotengenezwa kwa pesa kidogo. Mfukoni nimebaki na shilingi 1,000. Nikitoa ya bando, inayobaki inakodi moja tu mtandaoni. Nimechuja zikabaki tatu: Sharknado (2013), Mega Shark vs. Giant Octopus (2009) na The Savage Bees (1976). Nichukue ipi? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

Fundi_Projekta
Waaleikum salaam. Unawaonyesha nani? Wangapi? Ndani au uwanjani? Hujasema lolote, kaka.

PapaNguru
Sharknado, na mjadala ufungwe. Kimbunga kinanyonya papa baharini kinawamwaga juu ya Los Angeles, barabara zimefurika, papa wanaingia mpaka sebuleni. Mwisho jamaa anaruka na msumeno wa mashine, papa anammeza mzima mzima, naye anajikata njia kutoka tumboni. Wamarekani waliipenda wakaitoa mara sita, ya mwisho 2018. Ile ya pili, ya New York, jina lake lilitoka kwa watazamaji wenyewe. Filamu mbaya haifiki sita.

BintiShela
Kabla hujalipa, Mwanamaweni, nijibu: watoto watakuwepo?

Nauliza kwa sababu yalitufika. Mwaka juzi likizo ya Agosti kaka yangu aliweka hiyo hiyo Sharknado hapa nyumbani, Shela. Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, baba yake mvuvi. Tulicheka wote, tukadhani naye anacheka. Usiku kusi ikavuma, makuti yakaanza kulia, mtoto akaamka anapiga kelele kwamba papa wameshafika juu ya paa. Akalala katikati ya mama na bibi. Kesho yake hivyo hivyo. Ikawa wiki tatu. Mchana ndio ulituumiza zaidi: alikuwa na kazi yake moja anayoipenda, kuingia maji ya magotini kumpokea baba yake akirudi na mashua. Akawa anasimama mbali kwenye mchanga mkavu, analia, na baba mtu anaona.

Aliyemtoa hofu ni babu. Alimpeleka bandarini siku papa mdogo ameletwa, akamshikisha ngozi, inakwaruza kama msasa. Akamfunulia matamvua akamwambia: huyu anapumua kwa haya, maji yasipopita hapa anakufa, sasa upepo utamfikishaje mjini akiwa na nguvu ya kuuma? Mtoto akauliza maswali kama ishirini. Siku ya tatu aliingia majini. Mimi nimejifunza, na nawaomba wenzangu mnisikilize.

PapaNguru
Pole dada. Lakini hilo ni la mtoto mmoja. Wengine hapa tumekua tunakula mchuzi wa papa tangu hatujaota meno, papa atatutisha nini?

BintiShela
Hata yeye anakula papa, kaka yangu. Anamla na bado alimwogopa.

Mwanamaweni
Samahani, nilifupisha mno. Ni uani kwa mjomba wangu, Maweni, baada ya isha. Watu kama 40, nusu yao watoto. Projekta ya kuazima, kitambaa ni shuka nyeupe.

Fundi_Projekta
Sasa tunaongea. Basi itoe Mega Shark. Kwanza haikuanzia televisheni, ilitoka kwenye dividii. Papa anaruka mpaka angani anadaka ndege ya abiria, halafu analing'ata daraja la Golden Gate. Vipande hivyo viwili vinapendeza kweli. Vilivyobaki ni watu wamefungiwa vyumba vya giza na maji meusi. Kwenye shuka, taa ya barabarani ikiwaka, mtakuwa mnatazama vivuli. Na shuka ishonwe pindo chini upitishe bomba au ufito mzito, maana upepo ukiingia, uso wa mchezaji unakunjika kama karatasi.

MzingaGede
Chukua nyuki. Mimi nafuga, nina mizinga kumi na miwili karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na hii ndiyo filamu pekee ya aina hii iliyonifanya nisogee karibu na skrini.

Hofu yake ina mzizi. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitaka nyuki wanaoweza kutoa asali nyingi kwenye joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro, yakazaana na nyuki wa Ulaya waliokuwako, yakawa yanapanda kaskazini mwaka hadi mwaka. Filamu inatoka 1976, walikuwa hawajagusa Marekani. Texas walifika 1990. Kwa hiyo waandishi wakawapakia melini wakawashusha New Orleans, siku za sherehe ya Mardi Gras, mji umejaa watu barabarani. Hao ni nyuki wa kwetu, jamani! Kila nikifungua mzinga nakumbuka hilo.

Na mwisho wake una akili. Mwanamke amekwama ndani ya Volkswagen ndogo, nyuki wameifunika gari yote, anaiendesha polepole mpaka ndani ya uwanja wa Superdome, wanateremsha baridi humo, nyuki wanalegea. Hilo ni kweli kabisa: baridi ikizidi, nyuki hawezi kuruka. Hakuna aliyewapiga bomu, kama wanavyofanya kwenye Sharknado.

BintiShela
Umetumalizia mwisho, Mzinga!

MzingaGede
Niwie radhi. Ukijua mwisho bado inashika.

PapaNguru
Filamu ya 1976 mwendo wake ni wa punda mzee. Watoto watalala dakika ya ishirini. Halafu ni Kiingereza kitupu, nani atawatafsiria?

Mwanamaweni
Binamu yangu anajua kutafsiri papo kwa papo, anashika maiki kama kina DJ Afro.

Fundi_Projekta
Spika mbili basi, na sauti ya filamu uipunguze kila akisema. Stima ikipotea una betri?

Mzee_wa_Barani
Wanangu, nyinyi mnahangaika na papa wa Los Angeles, na hapa Malindi tuna kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, leo pwani nzima ni yao. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja. Kwangu wamebeba vifaranga tisa mchana kweupe, mke wangu ameshika ufagio. Vijana wenye kamera wako wapi? Filamu hiyo ningelipa kuitazama.

PapaNguru
Mzee shikamoo. Hapo umesema. Wakianza alfajiri juu ya miembe, mamia, kimya...

Mzee_wa_Barani
Marahaba. Kunguru hakai kimya, mwanangu. Ndiyo inayotisha, zile kelele.

BintiShela
Mwanamaweni, umeamua?

Mwanamaweni
Bado sijalipia. Binamu anataka papa, shangazi amesoma hapa anataka nyuki. MzingaGede, yeye anauliza pia: asali unauza chupa kiasi gani?