Muda maalumu, idadi ya maneno au tarehe ya kukabidhi: kipi kinamjenga mwandishi anayeanza?

Karani_wa_Dodoma

Wakuu, habari za saa hizi. Nimeajiriwa, natoka ofisini saa kumi na nusu, hadi nifike nyumbani ni saa kumi na mbili. Nataka kuanza kuandika kwa kujitegemea: blogu yangu kuhusu ufugaji wa kuku mjini, na pembeni nitafute makala za kulipwa. Nia ipo, ila naandika nikijisikia tu, na huko kujisikia huja Jumamosi moja moja.

Nimesoma huku na huko nikabakiwa na njia tatu:

1. Muda maalumu. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili, kila siku, liwalo na liwe.
2. Idadi ya maneno. Maneno 300 kwa siku, saa yoyote.
3. Tarehe ya kukabidhi. Makala moja kila Jumapili jioni. Nikiiandika Jumatano au nikikesha nayo Jumamosi, shauri yangu.

Mliopitia huko, ipi iliwashika? Na tafadhali msiniambie zote tatu, maana najijua.

Mama_Kalamu (Arusha)

Muda. Wala sijiulizi. Nina watoto wawili wa shule, na ikishafika saa kumi na mbili nyumba si yangu tena: sare, chai, viatu havionekani, gari la shule linapiga honi. Saa moja ya kabla ya hapo ndiyo yangu, na watu wa nyumbani wameshaizoea.

Kuamka peke yake hakutoshi, kaka. Kazi inaanzia usiku. Kabla sijalala naandika sentensi ya kuanzia kesho, halafu naikata katikati. Jana niliacha hivi: "Mfugaji anayenunua vifaranga bila kuuliza kama wamechanjwa, mara nyingi anakuja kugundua" basi, nikafunga daftari. Asubuhi macho bado mazito lakini mkono unajua pa kuingilia. Simu inalala sebuleni kwenye chaji. Nikiigusa tu, saa yote inaishia kwenye magrupu.

Kingine kizuri cha muda ni kwamba siku mbaya nayo inahesabika. Umekaa, umetoa aya moja mbovu, umetimiza. Mtu wa maneno 300 siku hiyo angelala na deni.

Mia_Kwanza (Nakuru)

Nampinga dada kwa heshima zote. Mtu anaweza kukaa saa nzima akibadilisha rangi za blogu na kutafuta picha ya jogoo, akajipongeza kwamba amefanya kazi. Maneno yapo au hayapo.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa Posta, aliweka saa mbele yake akajidai maneno 250 kila robo saa, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtasema huyo alitumia muda. Sawa, lakini saa ilikuwa ya kumkimbiza. Alichokuwa anahesabu ni maneno.

Ila Karani, 300 ni nyingi kwa kuanzia. Anza na 100. Hiyo ni aya moja ndefu tu, malalamiko yako kwenye grupu la ukoo yanazidi hapo. Halafu hesabu rasimu peke yake. Ukianza kuhesabu na kuhariri, kila ukifuta sentensi mbovu utajiona unarudi nyuma, na mwisho utaogopa kufuta chochote.

Karani_wa_Dodoma

@Mia_Kwanza hapo ndipo panaponitisha. Ofisini naandika ripoti, nazijua mbinu zote za kurefusha: "kwa kuzingatia ukweli kwamba" ni maneno manne na hayajasema lolote. Nikijipa idadi, nitaijaza hewa.

Mia_Kwanza (Nakuru)

Jaza hewa wiki ya kwanza, hakuna anayesoma. Utaichoka mwenyewe.

Meza_ya_Makala (Dar es Salaam)

Wanangu, nimestaafu uhariri wa gazeti, niwaambie mambo yanavyoonekana ukiwa umekaa upande wetu. Mhariri hajui uliamka saa ngapi wala uliandika mangapi kwa siku. Anachojua ni kama kazi imefika siku uliyoahidi, kama ina urefu aliouomba, na kama majina ya watu na vijiji yameandikwa sawasawa. Nafasi ni ya maneno 800. Ukileta 1,400 kuna mtu atakata, tena kwa haraka, na mara nyingi itaondoka ile aya uliyoipenda kuliko zote. Nimewahi kuwa na waandishi wenye kalamu tamu sana ambao sikuwapigia simu, kwa sababu sikuweza kulala nikiwa na uhakika wa ukurasa. Wa kawaida aliyefika Alhamisi saa sita kama alivyosema alipata kazi wiki hii na wiki ijayo.

Kwa hiyo mimi kura yangu ni tarehe. Lakini Karani, tarehe uliyojiwekea mwenyewe huna wa kumwogopa. Ikipita utajisamehe kabla hujamaliza chai. Lazima pawe na mtu anayesubiri: mwalimu wako wa zamani, shemeji anayefuga, yeyote mwenye ulimi. Asipoipata saa mbili usiku, akuulize.

Na suala la kuajiriwa lisikupe shida. Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali 1926, idara ya forodha, na aliendelea kuandika akiwa mtumishi.

Bahari_Tulivu (Dar es Salaam)

Mnazunguka sana. Chagua yoyote, ivumilie siku 21, itakuwa tabia. Imethibitishwa.

Mtafiti_wa_Kizingo (Mombasa)

Ndugu yangu, hiyo 21 haikuthibitishwa. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kubadili sura, kwenye kitabu chake cha 1960. Aliona wagonjwa wake huchukua angalau kama siku 21 kuzoea uso mpya. Lile "angalau" likaanguka njiani, ikabaki namba.

Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti uliotoka 2009. Watu 96 walijichagulia jambo dogo la kila siku, kama kula tunda au kunywa maji, kila mmoja akalifunga kwenye tukio la siku yake, mfano baada ya kifungua kinywa. Wastani wa kufika mahali jambo likajiendea lenyewe ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Kwenu nyinyi naona faida mbili. Kwanza, mambo kama ya kunywa maji ni mepesi. Kuandika ni kuzito, kwa hiyo Karani usijione umeshindwa mwezi wa pili ukiwa bado unajisukuma. Pili, hawakufungwa na saa ya ukutani, walifungwa na tukio. Mie huketi kuandika nikitoka swala ya alfajiri, na mwadhini ndiye kengele. Saa kumi na moja kamili itavunjika siku ukilala kwa wageni. Tukio unasafiri nalo.

Mama_Kalamu (Arusha)

@Mtafiti_wa_Kizingo nimekubali. Yangu basi ni jiko: nikiinjika chai naanza.

Ankara_Kwanza (Kigamboni)

Nimewasoma wote, na wote mnaongelea nusu ya kazi. Karani ametaja makala za kulipwa. Mwandishi wa kujitegemea anaweza kutoa maneno 300 kila siku mwaka mzima na asipate hata mia, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Tabia iliyonilisha mimi ni ya Jumanne: siandiki makala, natuma mapendekezo. Nina daftari la kuyafuatilia. Ukurasa ulio mbele yangu unasoma hivi:

Kampuni ya mbegu – mada: kuhifadhi mahindi – kimya, kumbusha Jumanne ijayo.
Shirika la maji – mada: visima vya mtaa – wamesema bajeti imeisha, rudi Julai.
Duka la vifaa vya kuku – kurasa za tovuti – wamekubali, nusu imelipwa.

Ona huo wa mwisho: nusu imelipwa kabla sijaandika neno. Kuna mteja aliniahidi "tukimaliza tutaonana", tukamaliza, hatukuonana. Siku hizi ankara inatoka siku ileile ya kukabidhi, na ina tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa blogu, fuateni tabia mnayoitaka. Kwa pesa, kuna siku ya kuomba kazi na siku ya kudai.

Halafu kwa sisi wa Tanzania: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta habari ya leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa blogu, na tangu hapo zimerekebishwa. Kabla hujafungua, uliza TCRA kama blogu ya aina yako inahusika.

Mia_Kwanza (Nakuru)

Mstari wa "kimya" unaukumbusha mara ngapi kabla hujaukata?

Ankara_Kwanza (Kigamboni)

Mara mbili. Ya tatu wanaanza kukukumbuka vibaya.

Karani_wa_Dodoma

Asanteni sana. Maneno nayaacha, kwa sababu niliyoitaja. Muda nao siuwezi: alfajiri tuna mtoto mchanga, na saa yake haijulikani. Nachukua tarehe, na Jumanne ya @Ankara_Kwanza naianza mwezi ujao. Kilichobaki ni mtu wa kusubiri. Shemeji nimemuuliza, kasema atasoma "akipata nafasi".

Meza_ya_Makala (Dar es Salaam)

Huyo hafai. Nitumie mimi, Jumapili saa mbili usiku, maneno 800. Likifika la 801 naacha kusoma.

Karani_wa_Dodoma

Nimekuandikia faragha, mzee wangu. Nianze na uleaji wa vifaranga, au chakula cha kuchanganya nyumbani?

Meza_ya_Makala (Dar es Salaam)

Chakula. Weka bei za pumba, mashudu na dagaa, taja soko ulikouliza na tarehe uliyouliza.