Naomba ushauri: mbunge wetu wa jimbo anauliza mambo yasiyo na maana

Baba na mama, ndugu zangu, naombeni ushauri. Sisi wa Katuba, Lubumbashi, huku Kongo (DRC), mvua ikinyesha barabara inakatika, umeme unapotea usiku kucha, mama zetu wanapika bukari (ugali) kwa makala (makaa) ya bei kali. Na mbunge wa jimbo (yaani wa provensi) tuliyemchagua Desemba 2023 anasimama kuuliza nani akae kiti cha mbele kwenye sherehe! Inaniuma sana, maana swali ndilo silaha yake ya kumbana waziri wa jimbo.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinaturuhusu kupeleka ombi la pamoja, na viongozi wajibu ndani ya miezi 3. Mliowahi kuandika: tulipeleke kwake mwenyewe, kwa prezida wa bunge la jimbo, au kwa gavana? Na sahihi, tuzikusanye kupitia mashefu wa avenii (viongozi wa mtaa), au wataogopa?