Naombeni ushauri: uzi mzuri wa ovaloki na cherehani nautambuaje dukani?

MamaSare
Habari zenu wakuu. Nashona sare za shule, mashati meupe na sketi za bluu, na Januari hiyo inakuja na oda zake. Nina cherehani ya kukanyaga na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike) ya nyuzi nne. Koni za uzi nilizochukua Kariakoo zinakatika kila nikiongeza mwendo, na lupa (zile ndoano za ovaloki zinazopitisha uzi bila sindano) zinajaa manyoya ya uzi. Kila muuzaji anasema wake ndio "namba moja". Nisaidieni.

FundiKeko
Pole dada. Achana na maneno ya muuzaji. Vuta uzi urefu wa mkono, uinue kwenye mwanga. Ukiona vinundu, mara mnene mara mwembamba, acha hapohapo, maana hivyo vinundu ndivyo vinavyokwama kwenye tundu la sindano. Kisha uvute kwa ghafla, usikie unavyokaza.

Soma pia namba ndani ya koni. Kwa mashati na ovaloki chukua polista 40/2. Hiyo 2 ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Na 40 ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi. Ukipewa 20/3 ujue hiyo ni ya jinzi, inataka sindano 16 au 18. Kwenye ovaloki itakupa mshono mgumu unaomkwaruza mtoto.

BiSindano
Nakubaliana na Keko, ila dada badilisha sindano kwanza. Sindano yenye ncha iliyopinda hukata hata uzi wa bei mbaya. Shati jeupe la kitambaa chepesi namba 11 au 12, sketi 14.

Halafu hili wengi hawaambiwi: uzi wa lupa ya chini ukikatika, usiutunge peke yake. Toa nyuzi za sindano, tunga lupa, ndipo urudishe za sindano. Usipofanya hivyo utakatika tena palepale, na utaendelea kulaumu koni.

MamaSare
Asanteni sana. Hilo la lupa sikuwahi kulisikia. Kuna jirani ananishauri nitumie uzi wa pamba, eti ndio imara.

FundiKeko
Kwa sare hapana. Sare inafuliwa na kusuguliwa mno, polista inavumilia kuliko pamba. Ukitaka uhakika wa ulichouziwa, choma kipande: polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi, pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini.

Koni5000
Naongezea la rangi. Uzi wa bluu ukichuja kwenye shati jeupe, mzazi anakurudishia. Lowesha kipande kwa maji ya moto na sabuni, kibane katikati ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Kikiacha alama, usinunue. Hela ikibana, weka uzi bora kwenye sindano kwanza, huko ndiko mshono unakoshikilia. Ila uzi wa manyoya usiuweke hata kwenye lupa, utashinda unapiga brashi badala ya kushona.