Kompyuta ya kugawana vitabu bwenini: je, mtandao wa ndani wa chuo unatuficha?

Mwakilishi wa Darasa aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwakilishi wa darasa la mwaka wa pili, na wenzangu wamenipa jukumu ambalo nasita kulitekeleza. Wanataka tuweke kompyuta moja bwenini iwake usiku kucha, ipakue kwa torenti (njia ya watu kugawana faili moja kwa moja kati ya kompyuta zao) vitabu vya kiada vya muhula huu pamoja na programu ya takwimu iliyovunjwa kinga ya leseni, kisha iviweke katika folda ya pamoja ambayo kila mwanadarasa ataifungua kupitia mtandao wa chuo. Kompyuta itakayotumika ni yangu, na akaunti itakayoingia mtandaoni ni yangu.

Wanasema kwamba kupakua si kosa, kosa ni kuuza. Kwamba faili zikishakuwa ndani ya mtandao wa chuo hakuna mtu wa nje anayeziona. Na kwamba pale ambapo maelfu ya watu hutoka nje kwa anwani moja ya IP (namba inayotambulisha muunganisho mtandaoni), haiwezekani kumbaini mmoja wao. Sitaki kuwakatalia kwa woga, wala kuwakubalia kwa kutojua. Naomba anayeyafahamu mambo haya kwa undani anieleze uzito wa kila hoja, na kama ipo njia nyingine anionyeshe, kwa sababu shida yetu ya vitabu ni ya kweli.

Mtunza Mitandao alijibu:

Ndugu mwakilishi, kazi yangu ni kutunza mitandao ya aina hii, kwa hiyo nitaanza na hoja yenu ya mwisho, ambayo ndiyo inayowaponza wengi.

Torenti haifanyi kazi kama tovuti ya kawaida. Tangu Bram Cohen alipoibuni BitTorrent mwaka 2001, msingi wake ni kwamba faili hukatwa vipande vidogo, na kompyuta yako, mara tu inapokamilisha kipande kimoja, huanza kuwagawia wengine kipande hicho huku ikiendelea kutafuta vilivyobaki. Ili watu wagawane vipande, ni lazima kompyuta zao zionane, na kwa sababu hiyo kila aliyemo katika kundi la faili fulani anaweza kuona anwani za IP za wenzake. Kampuni zinazofuatilia kwa niaba ya wenye hakimiliki hujiunga na kundi hilo hilo kama mtumiaji mwingine yeyote, zikaandika kila zinachokiona, kisha zikaituma taarifa kwa mwenye anwani, yaani chuo.

Taarifa hizo huwa fupi: jina la faili, anwani ya IP, namba ya poti (yaani mlango ambao muunganisho ulipitia), tarehe, na saa iliyoandikwa hadi sekunde. Ni kweli kwamba wengi wenu hutoka nje kwa anwani moja, lakini kifaa kinachowatoa nje hakiwezi kumrudishia kila mtu majibu yake bila kukumbuka ni poti ipi iliyopewa kompyuta ipi. Pale chuo kinapohifadhi kumbukumbu hizo, msimamizi hutafuta mambo matatu tu: poti ile, kwa sekunde ile, ilikuwa ya anwani gani ya ndani, anwani hiyo ya ndani ilikuwa imepewa kifaa gani, na kifaa hicho kiliingia kwa akaunti ya nani. Jibu la mwisho ni jina lako, hata kama aliyeiomba faili hiyo ni mwenzako wa chumba cha tatu. Mtandao wa chuo ni mahali pabaya mno pa kujificha, kwa kuwa ulijitambulisha kabla hujafunguliwa mlango.

Niongeze kwamba torenti moja inaweza kufungua mamia ya miunganisho kwa wakati mmoja na kuujaza uwezo wa kupakia wa bweni zima. Anayeumia ni jirani yako anayejaribu kutuma kazi yake ya mtihani dakika chache kabla ya muda kwisha.

Mwanasheria wa Hakimiliki alijibu:

Nami nishike hoja mbili zilizobaki. Haki ya kwanza ya mwenye kazi ni ya kuamua nani aitoe nakala, na huo ndio msingi ambao Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 umeujenga katika nchi nyingi duniani. Anayepakua anatoa nakala. Kuuza kunaweza kulifanya kosa kuwa zito zaidi, lakini kutouza hakulifuti. Tena, kama alivyokwisha kueleza Mtunza Mitandao, kwenye torenti hakuna anayepakua tu: unapopokea ndipo unapogawa, na kugawa ndiko wenye hakimiliki wanakokufuatilia kwa bidii kubwa zaidi.

Kuhusu mtandao wa ndani, wenzako wangefaa wajue yaliyotokea Marekani mwezi Aprili 2003. Chama cha kampuni za muziki cha nchi hiyo, RIAA, kiliwashtaki wanafunzi wanne: wawili wa Rensselaer, mmoja wa Princeton na mmoja wa Michigan Tech. Walidaiwa kuendesha, ndani ya mitandao ya vyuo vyao, mifumo iliyowawezesha wanafunzi wenzao kutafuta na kuchukua faili za muziki zilizokuwa kwenye kompyuta za mabweni. Mifumo hiyo ilikuwa ya wanachuo, kama hiyo mnayoikusudia, na bado ilijulikana. Kesi zilimalizwa kwa mapatano, na wanafunzi hao walikubali kulipa kati ya dola 12,000 na dola 17,500 kila mmoja. Mwaka 2009 Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston, hakufikia mapatano na kampuni za muziki, akaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, nalo likamtoza dola 675,000 kwa nyimbo 30.

Viwango hivyo ni vya sheria ya Marekani na havimhusu kila mtu. Kila nchi ina sheria yake na adhabu zake. Kwa mwanafunzi wa kawaida, naamini hatari iliyo karibu zaidi ni kanuni za matumizi ya mtandao alizozikubali siku alipofungua akaunti, kwa sababu kamati ya nidhamu haingoji hukumu ya mahakama. Akaunti ikifungwa katikati ya muhula, huingii kwenye mfumo wa masomo wala kwenye barua pepe ya chuo. Na katika jambo lenu, mwenye kompyuta, mwenye akaunti na mwenye cheo cha uwakilishi ni mtu mmoja. Darasa zima litanufaika. Atakayeitwa ni wewe.

Fundi wa Maabara ya Kompyuta alijibu:

Naona hakuna aliyeigusa ile programu ya takwimu, nayo ndiyo inayonitia hofu kuliko vitabu. Programu iliyovunjwa kinga huja na faili ndogo ya kuiamsha, pamoja na maelezo ambayo mara nyingi hukutaka uzime kwanza programu ya kuzuia virusi, kisha uifungue faili hiyo kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Tafadhali yasome maagizo hayo mawili pamoja. Mtu usiyemjua anakuomba uondoe ulinzi, halafu umpe ruhusa ya kufanya lolote, na wewe huna njia ya kujua alichokiweka ndani. Programu ya takwimu inaweza kufunguka na kufanya hesabu zako vizuri kabisa, huku kitu kingine kikiwa kimya kinanakili nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari.

Folda ya pamoja huongeza madhara. Ikiwa kila mwanadarasa ana ruhusa ya kuandika humo, kirusi cha aina inayofunga mafaili na kudai fidia, kikiingia kwenye kompyuta moja, kinaweza kuyafunga mafaili yote ya folda hiyo, yakiwamo maelezo halali ya mihadhara ambayo hakuna aliyekumbuka kuyawekea nakala. Hata pasipo kirusi, mtu hukosea akashiriki folda nzima ya nyaraka badala ya ile ya vitabu, na barua zake pamoja na nakala za vitambulisho zikasomwa na yeyote aliyeunganishwa.

Mwanafunzi wa Uzamili alijibu:

Yote hayo nayaheshimu, lakini tuseme na upande wa pili. Bei ya kitabu cha kiada inaweza kumshinda mwanafunzi kabisa, na mwandishi wa makala ya kitaaluma kwa kawaida halipwi chochote na jarida. Mkimwambia mtu aache bila kumwonyesha pa kwenda, mnamwambia asisome.

Mkutubi alijibu:

Dada, neno lako ni la haki, na ndiyo sababu ninaandika. Mwakilishi, kabla ya kuwasha kompyuta yoyote, peleka maktabani orodha kamili ya vitabu vya muhula: mwandishi, jina la kitabu, toleo, na sura mnazozihitaji hasa. Maombi ya darasa zima yana nguvu kuliko ya mtu mmoja mmoja. Maktaba inaweza kukiweka kitabu kwenye rafu ya akiba ya saa chache, kununua leseni ya nakala ya kielektroniki, au kukiazima kutoka maktaba nyingine; na katika nchi nyingi sheria huruhusu kunakili sehemu ndogo kwa ajili ya masomo, kwa masharti ambayo mkutubi wenu anayajua.

Kwa masomo ya mwanzo, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imekuwa ikitoa vitabu vya kiada bure tangu 2012, na mwalimu mara nyingi hukubali toleo hilo akiulizwa mapema. Makala mengi yamo katika majarida huria, yaani yanayosomwa bure, yaliyoorodheshwa na orodha ya mtandaoni ya DOAJ tangu 2003, na katika arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi, tangu 1991. Yasiyopatikana humo, mwandikie mwandishi mwenyewe. Wengi hufurahi kuombwa.

Kuhusu takwimu, hakuna sababu ya kuhatarisha chochote. R, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, ni programu huria, na watafiti wa dunia nzima huitumia. Waliozoea kubonyeza menyu badala ya kuandika amri watumie JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, au PSPP, ambayo sura yake inakaribiana na SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Ulizeni pia kama chuo tayari kina leseni ya wanafunzi, kwani si ajabu kukuta ipo na hakuna aliyeitangaza.

Mwakilishi wa Darasa aliuliza tena:

Nawashukuru nyote. Nitawaeleza wenzangu kwamba kompyuta yangu haitatumika, na orodha naipeleka maktabani. Mmoja wao ameuliza kama VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa kompyuta za kampuni nyingine) ingeondoa hatari, na kama torenti yenyewe imepigwa marufuku.

Mtunza Mitandao alijibu:

VPN huhamisha imani yako kutoka kwa chuo kwenda kwa kampuni nyingine. Haigeuzi nakala isiyo halali kuwa halali. Ikikatika usiku mkiwa mmelala, torenti inaweza kuendelea kwa anwani ya chuo bila nyinyi kujua, na kirusi kilichomo kwenye programu hakijali mmepitia wapi.

Torenti si haramu yenyewe. Matoleo ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, hugawanywa rasmi kwa njia hiyo. Baadhi ya vyuo huizuia hata hivyo kwa sababu ya mzigo wake, kwa hiyo mkiihitaji kwa kazi halali, kiandikieni kitengo cha mtandao kabla ya kuanza, mtaje faili na sababu. Na mwenzenu ambaye tayari anayo programu ya torenti aangalie kama hujiwasha pamoja na kompyuta, kwa maana anaweza kuwa amelifunga dirisha lake ilhali programu bado inagawa yale aliyoyapakua muhula uliopita.